Kilomita Kumi, Aberystwyth

Wametugawia karatasi za kubandika mgongoni.
Juu imechapwa: NAKIMBIA KWA AJILI YA
na chini yake nafasi nyeupe, upana wa kiganja.
Mwanamke wa mezani ananinyooshea kalamu.
Naishika mpaka wino unaanza kukauka nchani.

Mama alikwisha kunikanya, Novemba ile,
kofia ya sufu imemshuka hadi nyusi:
"Usije ukaniandika mgongoni, Mererid,
kama tangazo la duka la magodoro."
Narudisha kalamu. Nafasi nyeupe inabaki nyeupe.

Saa nne kamili. Si mvua hii, ni mate ya bahari.
Tuko mia tatu na ushei:
Gwenllian wa hesabu, aliyenifelisha mara mbili,
wazima moto wawili ndani ya helmeti zao,
kijana na mbwa wake, na mbwa ana namba, 214.
Diwani anapuliza filimbi. Filimbi inakataa.
Anapiga makofi, basi, tunaondoka.

Kilomita ya kwanza naona haya.
Mimi ni mwoka mikate; magoti yangu
yanajua ngazi sita za ghalani, hayajui zaidi.
Ya pili, haya imeniishia pamoja na pumzi.
Mbele yangu mgongo wa mwanamume mnene,
majina saba yamebanana kwenye karatasi moja,
la mwisho limekosa nafasi, likapinda,
likapanda ukingoni mpaka begani:
Beti, Tudur, Tudur Mdogo, Lowri...
Nakimbia nyuma ya ukoo mzima
na siwezi kuupita.

Pesa ya leo si ya dawa. Dawa tulipewa.
Ni ya petroli. Ni ya maegesho,
ya kitanda cha kukodi jirani na wodi,
ya sandwichi inayoliwa garini, vioo vimefungwa,
ya mtoto wa jirani anayemlisha paka.
Hakuna aliyetuambia kwamba ugonjwa una barabara:
kilomita mia na ishirini kwenda Swansea,
mia na ishirini kurudi,
kwa dakika kumi na mbili chini ya mashine.
Siku thelathini.

Baba ndiye aliyeendesha. Baba si msemaji,
alizungumza kwa gia.
Gia ya pili kwenye kona za Aberaeron: *pole*.
Ya nne, barabara iliponyooka: *tutafika*.
Mama alihesabu kondoo wenye alama ya bluu.
Wiki ya nne akaacha kuhesabu,
na Baba akaanza, kwa sauti, vibaya,
akiruka kutoka kumi na tisa hadi thelathini.
Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo,
na haba na haba humaliza tangi.

Kilomita ya saba mtoto ananipa kipande cha chungwa.
Ya nane sikumbuki.
Ya tisa namchukia kila mtu mwenye miguu.

Kisha ukingo wa mji, mlima umeziba njia,
na ile reli ya chuma. Kwetu hapa
matembezi ya ufukweni hayatimii
mpaka uipige teke. Hakuna ajuaye kwa nini.
Naipiga. Kidole gumba kinanijibu.

Nanywa maji. Nawasubiri wanaotembea,
maana humo kwenye orodha, chini kabisa,
nimeliona jina ambalo hakuniambia: Iorwerth.
Saa inapita, na robo. Wanakunja meza.
Ndipo naye anatokea, amevaa tai,
viatu vya ibada, karatasi imebandikwa kifuani
kwa kuwa mgongoni mkono haukufika.
Nafasi yake nayo ni nyeupe.
Mkononi ameshika funguo za gari.
Gari liko nyumbani. Ametembea kilomita kumi
na funguo zikimlia kiganjani.

Hanitazami. Anaisogelea reli,
anaipiga teke, taratibu, kama mtu anayebisha hodi.
Anasimama.
Anaipiga tena.